Ndege ya wagonjwa kutoka Lamu: waliotuuliza pesa na waliotuuliza mgonjwa

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu kila mara utaona mtu anauliza nani ana namba ya ndege ya wagonjwa, na anauliza saa ambayo mgonjwa ashalazwa kwenye machela na nyumba nzima inalia, alafu majibu yanayokuja ni namba tu za simu, hamna anayesema hao watu wakoje ukishawapigia. Ndo nikaona niandike haya. Ni maoni yangu juu ya huduma mbili tulizoongea nazo mjomba wangu alipoanguka mnazini, moja ikambeba na ile nyingine tukaachana nayo. Majina siyaweki, ya hawa wala ya wale, nataka mujue cha kuuliza kabla hamujatuma hata shilingi.

Niseme hukumu yangu mapema: ile iliyotubebea mjomba naipa alama za juu, na si kwa sababu ya ndege yao. Ndege nilikuja kuiona mwisho kabisa. Nawapa alama kwa sababu yule aliyeshika simu, alipomaliza kuandika jina na mahali, alisema ngoja nikupe daktari, na daktari akaja kwenye laini saa ile ile, akaanza kuuliza habari za mgonjwa. Bei ilikuja baadaye.

Wale wa kwanza nao simu walishika haraka, hilo siwanyimi. Lakini maneno yalikuwa ndege iko redi, tumeni depozi tuondoke. Nikamuuliza ni nani atakuja na ndege, akasema timu. Timu ya nani, daktari au nasi au paramediki, akasema hiyo itapangwa. Nikamuuliza ndege ni yenu wenyewe, akazunguka zunguka mpaka nikaelewa kwamba yeye yuatafuta ndege kwa watu wengine, yaani ni dalali. Sasa mimi sina ugomvi na udalali, kuna madalali wazuri wanaojua kazi, lakini dalali anayeficha kuwa ni dalali huyo muogopeni, kwa sababu jambo likiharibika juu ya mkondo wa Manda, yale maji kati ya Lamu na uwanja wa ndege, hutajua umshike nani. Uliza waziwazi: ndege ni ya nani, cheti cha kuendesha ndege za biashara kutoka KCAA, ile mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kiko kwa jina la nani, na madaktari wameajiriwa na nani. Vilevile kuna vyeti vya kimataifa vya huduma hii yenyewe ya kubeba wagonjwa kwa ndege, EURAMI ya Ulaya na CAMTS ya Marekani, hivyo vinakaguliwa na watu wa nje, wanaangalia vifaa, mafunzo, dawa na jinsi kazi inavyofanywa. Si lazima kila kampuni nzuri iwe navyo, ila aliye navyo atakuambia bila kuvuta vuta maneno.

Turudi kwa mjomba. Alianguka kutoka juu ya mnazi huku shambani, akaangukia ubavu. Hospitali ya King Fahd wakampokea vizuri, wakampiga x-ray, mbavu zimevunjika na kifua kinapanda upande mmoja zaidi ya mwingine. Daktari wa ndege akataka kuona ile picha. Binamu yangu akaishika filamu kwenye dirisha la wodi, akaipiga kwa simu, akaituma. Tukaulizwa umri, presha, anapumua mara ngapi kwa dakika, kile kidude cha kidoleni kinasoma oksijeni ngapi bila mashini na ngapi akiwa na mashini, anajibu akiitwa jina, amekojoa, ana mzio wa dawa gani. Vingine hatukuvijua, akaomba aongee na klinikal ofisa wa zamu, wakaongea wao kwa wao lugha yao.

Alafu akasema kitu ambacho kilitutia hasira wote. Akasema huyu mzee ana hewa iliyotoka kwenye pafu ikakaa kifuani, simrushi mpaka awekwe mpira wa kifuani wa kuitoa hiyo hewa hapo hapo Lamu. Mamangu, ambaye ni ndugu yake mkubwa, akaanza, "Kwani hawa wangoja nini, mtu yuafa hapa!" Nikaweka simu spika. Yule daktari akamwambia, "Mama, nakusikia. Ndege ikipanda juu ile hewa iliyofungika kifuani itavimba, itabana moyo na pafu la pili. Nikimpandisha hivi alivyo anaweza kuniharibikia angani, na angani sina chumba cha upasuaji. Wampe mpira sasa, mimi nitakuwa njiani." Mamangu akanyamaza, akasema haya mwanangu, fanyeni.

Nimeulizia baadaye kwa watu wa afya ninaowaamini nikaambiwa ndivyo kabisa. Ndani ya ndege, hata hizi zinazoshindiliwa hewa, presha huwa kama uko juu ya mlima wa futi 8,000 hivi, karibu mita 2,400. Ukiwa huko oksijeni inayoingia mwilini inapungua, na hewa yoyote iliyofungiwa mahali huvimba kama theluthi moja. Mtu mwenye afya ataskia masikio tu yanaziba. Lakini mwenye hewa kifuani, mwenye matumbo yaliyojifunga, aliyepasuliwa tumbo juzi juzi, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akawekewa gesi ndani, aliyepasuka fuvu hewa ikaingia, hawa wote wana hatari yao. Wazamiaji pia, na nyinyi wa Malindi na Watamu hili linawahusu zaidi, mtu akipata ule ugonjwa wa kupanda juu haraka kutoka kina cha maji, hafai kurushwa hivi hivi, anatakiwa ndege iruke chini chini au iweze kuweka presha ya ndani sawa na ya usawa wa bahari. Kwa hivyo hapo una swali zuri la kumpima mtu wa simu. Mwambie tu mgonjwa ana tatizo hili, muulize mutaweka presha ya ndani kiasi gani. Anayejua kazi atakujibu au atakuitia anayejua. Asiyejua atakuambia usijali.

Sasa niwaambie kitu ambacho watu wa Nairobi wengi hawakijui na ndicho kilichonifanya niwapende hawa. Ndege haitui Lamu mjini. Uwanja uko Manda, ng'ambo ya maji. Mgonjwa atoke wodini, ashushwe gatini, aingie botini, avuke mkondo, apandishwe gati ya Manda, asukumwe mpaka kwenye ndege. Hiyo ndo sehemu mbaya ya safari nzima. Maji yakiwa yamekupwa zile ngazi za chini za gati zinatokeza, zimejaa chaza na utelezi, na watu wanne wanashika machela wakitafuta pa kukanyaga. Wakati wa kusi mkondo nao unarusha boti. Wale wa kwanza walituambia mleteni mgonjwa uwanjani, sisi tutampokea hapo. Na nani amlete? Na oksijeni gani? Hawakuwa na jibu, kwao safari inaanzia kwenye mlango wa ndege.

Hawa wa pili wakasema safari ni kutoka kitanda mpaka kitanda. Daktari na nasi walishuka Manda wakavuka na vifaa vyao mpaka wodini, wakampima mjomba upya, wakakaa naye hapo muda wa kutosha, sisi tukiona kama wanachelewa. Walikuwa wanamfunga dripu vizuri, wanabadilisha plasta, wanampa dawa ya maumivu kabla ya kumhamisha maana kila kutikisika mbavu zinachoma. Yule nasi akahesabu oksijeni mbele yetu. Akasema mtungi huu ukiwa umejaa una lita kama 680, mzee anatumia lita 10 kwa dakika, kwa hivyo nina saa moja na dakika chache, sitaki kuanza kuvuka maji na mtungi mmoja. Akaagiza wa pili. Nilifurahi sana kuona mtu anapiga hesabu ya maji na boti na si ya ndege peke yake.

Na ile chupa. Mpira wa kifuani ulikuwa umeingia kwenye chupa yenye maji, inatoa mapovu kila akikohoa. Nasi hakumuachia mtu yeyote ile chupa. Botini alikaa chini kabisa kwenye sakafu, magoti kwenye maji, ameishika chini ya kifua cha mjomba muda wote, boti ikiruka na yeye anaishusha. Kijana mmoja wetu akataka kumsaidia akaiinua aiweke juu ya machela, nasi akamshika mkono akasema hapana ndugu yangu, ikipanda juu ya kifua maji yanarudi ndani. Kule ndegeni wakaiondoa wakafunga kivali kidogo cha njia moja, hewa inatoka hairudi. Kama munachagua huduma, kaeni na picha hiyo kichwani, muulize nani atakuwa na mgonjwa botini.

Kwa watu wa Pate, Faza, Kizingitini na huko Kiunga hili ni kubwa zaidi maana nyinyi muna bahari ndefu kabla ya kufika hata Lamu. Ulizeni kama kuna uwanja mdogo wa karibu nanyi ambao ndege ya kampuni hiyo inaweza kutua, na iwe ni ndege gani. Ndege ndogo kama Cessna Caravan inatua kwenye viwanja vya murram, Pilatus PC-12 pia inaweza viwanja vifupi na ndani inashindiliwa hewa, jeti inaenda haraka lakini haitui kila mahali. Jeti si lazima iwe bora kwako. Na ulizeni habari ya usiku, kwa Manda na kwa Malindi vilevile, je rubani wenu anaweza kutua giza likishaingia au tutangoja alfajiri? Wakisema alfajiri, basi mujue mapema muhangaike na hospitali iliyo karibu usiku huo, kuliko kukaa gatini mukitazama juu.

Ndugu zangu wa Malindi nanyi niwaambie ukweli wangu, saa nyingine ndege si jibu. Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120 za lami. Ndege nyingi za wagonjwa zinatoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa hivyo hesabu muda wa timu kujiandaa, muda wa kuja, muda wa kumpakia, muda wa kurudi, alafu foleni ya Nairobi kutoka uwanjani mpaka hospitali. Ambulansi ya barabarani yenye nasi mzuri na oksijeni inaweza kukufikisha Hospitali Kuu ya Pwani kabla ndege haijagusa ardhi Malindi. Huduma nzuri itakuambia hivyo yenyewe hata kama inakosa biashara. Daktari wetu wa simu alituuliza kwanza kama tumefikiria Mombasa, tukaongea, tukaona kwa kuwa yuko Lamu na barabara ya Witu mpaka Garsen na vizuizi vyake, na mgonjwa wa kifua, ndege ni afadhali. Lakini aliuliza.

Kitu kingine, kitanda cha kule anakokwenda. Hii inaua watu. Mgonjwa anarushwa, anafika, hospitali inasema ICU, wodi ya mahututi, imejaa au leteni depozi kwanza, anabaki kwenye ambulansi getini. Hawa hawakuwasha ndege mpaka daktari wa huku na daktari wa kule wameongea na kule wamesema jina la daktari atakayempokea na wodi. Nilipewa hilo jina kwa meseji. Usikubali kuambiwa tutapanga tukifika.

Familia. Kuna nafasi ya ndugu mmoja, saa nyingine hakuna kabisa, inategemea ndege na vifaa, na neno la mwisho ni la rubani. Mzigo ni kibegi laini kidogo. Chagueni mapema nani anaenda, awe mwenye kitambulisho, mwenye uwezo wa kusaini, anayejua dawa za mgonjwa, na asiwe mwenye kuzimia. Kwetu walitaka kwenda watu watatu na ikawa maneno hapo gatini, mpaka mamangu akasema aende mkewe. Yule nasi akamuita mama, akamueleza kwa Kiswahili kila kitakachotokea, mlio wa injini, masikio, kwamba ataona mashini inalia na si kila ikilia ni hatari. Akamwambia ukitaka kumsomea msomee tu, mshike mkono huu usishike ule wenye dripu. Mimi hilo naliweka juu sana.

Na stara jamani. Kama mgonjwa ni mwanamke, omba nasi wa kike, na waambie wamfunike vizuri wakati wa kushushwa gatini maana pale kila mtu amesimama anatazama. Si aibu kuomba. Hawa walikuja na shuka zao na bado wakakubali leso zetu juu. Kama ni mtoto mchanga, uliza kama wana inkubeta ya safari na mtu aliyezoea watoto wachanga, usifikiri kila daktari wa ndege anajua hao.

Haya pesa. Ukikodi ndege bila bima ni laki nyingi, hiyo hamna kuzunguka, na watu wengi huku wanachanga kwa M-Pesa saa hiyo hiyo. Taka bei kwa maandishi, na iandikwe inajumlisha nini: ndege, daktari na nasi, oksijeni na dawa, ambulansi ya kule, boti ya huku, na itakuwaje ikiwa mgonjwa atafariki kabla hawajafika au hali ya hewa ikiwarudisha. Ni vigumu kuuliza hilo la kufariki lakini uliza. Ukiwa na bima, ipigie kwanza, wao ndio wanaotoa barua ya kuahidi malipo, na bila hiyo barua kampuni itakudai wewe. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usidhani tu kwamba italipa ndege, pata jibu lao kabla hujaahidi mtu. Wageni wenye bima za safari, hawa Wataliano wa Malindi na watalii wa Shela, ndege yao mara nyingi huamuliwa na ofisi ya bima huko kwao, kwa hivyo kama unafanya kazi hotelini chukua namba ya bima ya mgeni akiwa mzima.

Na kuna kulipia kwa mwaka. Amref Flying Doctors, ambao ni wakongwe wa kazi hii hapa Afrika Mashariki tangu 1957, kituo chao Wilson, wana mpango wanaouita Maisha, unalipa ada ya mwaka ukiumia wanakuja kukuchukua kwa masharti yao. Ada ni kidogo sana ukilinganisha na kukodi ndege moja. Kwa wenye boti, wavuvi wa mbali, wagema, wajenzi, mimi naona vikundi na vyama vifikirie kulipia pamoja. Soma masharti lakini, hasa wanakuchukua kutoka wapi, na ule ugonjwa uliokuwa nao kabla unahesabiwa vipi.

Malalamiko yangu kwa waliotubeba ni mawili. La kwanza ile boti. Kwenye bei waliandika kitanda mpaka kitanda, lakini boti ya kuvukia tulilipa wenyewe pale pale kwa nahodha, alafu kurudishiwa kukawa na kuzungushana kwingi. Kama munauza huduma Lamu, boti ni sehemu ya ndege, iandikeni. La pili, ndege ilipopaa sisi tuliobaki Manda hatukuambiwa kitu. Tulikaa kwenye benchi la gati, simu mkononi, mpaka mke wa mjomba alipopata chaji kule hospitali akatupigia mwenyewe kwamba wamefika na ameshalazwa. Meseji moja tu ya "tumetua, mgonjwa yuko salama" ingetosha, mtu wa ofisini angeweza kuituma bila kumsumbua daktari.

Yote mawili nimewaandikia. La meseji wamesema watampa kazi hiyo mtu wa simu. La boti wameomba risiti ya nahodha nikawatumia, na pesa ilirudi, nusu kwanza alafu nusu nyingine.